Jenga choo kama dungu, usichimbe kama kisima

Kwetu Rufiji mtu akisema amechimba choo cha futi ishirini huwa anasema kifua mbele, kama aliyerudi mtoni na kambare wa kubebwa na watu wawili. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nimejenga nyumba nyingi na nimepiga plasta misikiti miwili, lakini jina lililoniganda ni Fundi Choo, na sifa yangu ilikuwa kina. Ukiniita kazini nilikuwa nakuuliza swali moja tu: "Unataka na wajukuu wakirithi?"

Mwaka 1998, maji ya El Niño yaliposhuka, nilikwenda kutazama choo nilichomchimbia shemeji yangu. Sikukiona. Palikuwa na dimbwi pana kuliko nyumba, kingo zimemeguka pande zote, na magogo ya sakafu niliyakuta yameegemea mwembe wa jirani. Yaliyokuwa shimoni yalikwishatembea: uani, jikoni, kisimani. Mwaka uliotangulia, 1997, nchi nzima ilikuwa imehesabu wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000, na sisi kijijini tulikuwa bado tunalaumu samaki.

Haya ninayoandika ni namna ninavyojenga sasa. Ni kwa ajili ya mtu anayekaa bonde linalofurika, awe Rufiji, Kilombero, Tana au Budalangi, ambaye hana pesa za kuleta mhandisi lakini ana fundi mmoja wa matofali na ndugu wa kubeba udongo.

Shimo refu lilitoka kilimani

Wazee wetu wa bondeni walikuwa watu wa kuinua. Shambani walilala kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyosimama juu ya nguzo, wakilinda mpunga usiliwe na ndege, nguruwe na viboko. Mto ukijaa, maji yanapita chini, mtu anageuka upande wa pili analala. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali ikawahamishia watu kwenye miinuko ya kaskazini na kusini ya bonde. Mimi nilipandishwa mgongoni mwa mama. Kule juu, mwaka 1973, ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: redio inawashwa, watu wazima wanakaa kwa vikundi na vijitabu vyao, wakitoka hapo kila mtu anakwenda kuchimba choo. Walioshiriki nchi nzima walikaribia milioni 2. Baba yangu alikuwa mmoja wao, na alichimba hasa. Udongo wa mwinukoni ni mgumu, maji yako mbali, kina kule ni jambo jema.

Kosa lilikuja tulipoanza kurudi chini kufuata mashamba. Tulishuka na ujuzi wa kilimani, tukauzika kwenye tope la bondeni, na madungu tukayaona ushamba.

Kwa miaka fulani halikutuumiza sana, kwa sababu mto ulikuwa na adabu yake. Masika ya Machi hadi Mei unapanda, unashuka, watu wanalima mlau kwenye unyevu uliobaki. Mzee aliweza kukuambia maji yatafika wapi. Siku hizi hawezi, naye anajua kwamba hawezi. Bahari ya Hindi imepata joto, na hewa kila inapozidi nyuzi moja ya Selsiasi hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, kwa hiyo ikiamua kumwaga inamwaga kwa pamoja. Vuli ya 2019 haikutaka kukatika, mwaka 2020 tukaogelea. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zikawa ziwa, na kabla maji hayajashuka, mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Katikati ya hayo kuna miaka ya ukame ambayo visima vinakauka. Choo cha zamani hakikuumbwa kwa ajili ya miaka ya namna hii, kina chake kiwe futi ngapi.

Pima maji mwezi wa Mei, chimba mwezi wa Oktoba

Hapa ndipo watu wengi wanapotapeliwa, na anayewatapeli ni jua. Oktoba ardhi ni kavu, vijana hawana kazi shambani, mtu anachimba mita tatu na haoni hata unyevu. Anashangilia. Aprili maji yanapanda kutoka chini, kimya kimya, kabla hata mto haujavunja kingo, na lile shimo linageuka kisima cha kinyesi.

Kwa hiyo kipimo kinachukuliwa Mei. Nenda kwenye kisima cha jirani chenye usawa mmoja na kiwanja chako, teremsha kamba yenye jiwe, pima kutoka usawa wa ardhi mpaka maji yalipo. Andika ukutani kwa mkaa au msumari, maana karatasi itapotea. Pili, tafuta alama ya mafuriko makubwa kuliko yote: mstari wa tope kwenye ukuta wa nyumba ya zamani, takataka zilizonasa kwenye matawi, kumbukumbu za bibi wa jirani. Waulize watu watatu mbalimbali, uchukue jibu la juu. Anayesema "hapa maji hayajawahi kufika" muulize amehamia lini.

Sasa una namba mbili, na choo chote kinatoka humo. Chukua mfano wa kiwanja nilichojenga baada ya maji ya 2020, kwa bibi mmoja mwenye watu 6 nyumbani. Maji ya Mei yalikuwa mita 1.5 chini ya ardhi. Alama ya mafuriko ilikuwa sentimita 60 juu ya ardhi.

Kanuni ninayofuata: uso wa sakafu ya choo uwe sentimita 50 juu ya alama ya mafuriko. Kwa bibi ikawa 60 na 50, yaani mita 1.1 juu ya ardhi. Chini nikachimba mita 1 tu. Jumla shimo lina urefu wa mita 2.1, zaidi ya nusu yake iko hewani. Wapita njia walisimama wakauliza kama najenga tangi.

Je, mita 2.1 inatosha? Hesabu si ngumu. Mtu mmoja, tunaochamba kwa maji, huacha shimoni takriban mita za ujazo 0.06 kwa mwaka. Watu 6 kwa miaka 5 ni 1.8. Shimo la mviringo lenye kipenyo cha mita 1.2 ndani lina eneo la mita za mraba 1.13, kwa hiyo mzigo wa miaka 5 utapanda mita 1.6. Nusu mita iliyobaki ni nafasi ya juu isiyotakiwa kujaa kabisa. Ukiwa na watu 10 panua kipenyo. Usiongeze kina.

Kwenye suala hili niseme wazi kasoro iliyopo. Wataalamu wanataka kitako cha choo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kwa bibi tulibakiwa na nusu mita. Bonde ndivyo lilivyo. Tulichofanya ni kukiweka choo mbali na kisima. Mita 30 ndiyo kiasi cha chini kinachotajwa sana, ila kwenye udongo wa kichanga mimi nataka 50, na choo kikae upande wa mteremko wa chini. Maji ya kunywa yanachemshwa au yanatiwa dawa mwaka mzima, na hilo nilimwambia kabla sijapokea hata senti.

Na kama alama yako ya mafuriko inapita mita 1.5? Usinipigie simu. Ngazi itakuwa ndefu, kifusi kitakuwa mlima, na mkondo wenyewe utakula msingi. Hapo jengeni mwinukoni choo kimoja cha nyumba tatu au nne, na cha bondeni kiwe cha msimu wa kiangazi tu.

Vifaa

Kwa choo cha bibi nilitumia matofali ya kuchoma karibu 400, nikaongeza 40 ya kuvunjika. Saruji mifuko 5 ya kilo 50: miwili ya kujengea, mmoja wa plasta, mmoja wa slabu, yaani zege la kufunikia shimo, mmoja wa ngazi na sakafu. Nondo za milimita 8, mbili, na waya wa kufungia. Kokoto na mchanga wa mto. Wa ufukweni una chumvi, utakula nondo. Bomba la plastiki la inchi 4. Wavu wa chuma wa kuzuia nzi, kipande cha kiganja. Boriti, fito na makuti kwa kibanda. Kifusi kingi, nitakisema.

Tofali la udongo mbichi usiniletee. Likilowa siku tatu linarudi kuwa udongo.

Kujengea

Chimba duara la kipenyo cha mita 1.6, kina mita 1. Kitako usikitie saruji, maji yanahitaji pa kutokea. Anza mzunguko wa matofali ukiwa na kijiti cha kipimo: sentimita 60 kutoka kigingi cha katikati mpaka uso wa ndani wa tofali, kila mstari unaupitisha. Timazi nalo lisikae mfukoni. Ukuta wa duara ukipinda hubanwa na udongo, na ukishabanwa hupasuka.

Sehemu ya chini ya ardhi acha maungio ya wima bila saruji, tia kwenye ya mlalo tu. Nafasi iliyobaki nyuma ya ukuta, karibu sentimita 9, jaza kokoto, hasa kama udongo wako ni kichanga, la sivyo mchanga utachuruzika ndani mpaka nje pabonyee.

Ukifika usawa wa ardhi mambo yanageuka. Kuanzia hapo kwenda juu hakuna tundu hata moja. Maungio yote yanajazwa, plasta inapigwa ndani na nje, na mimi humalizia kwa niru, ule uji wa saruji tupu, upande wa nje. Sababu ni hii: mafuriko yakija, maji yataingia shimoni kupitia kule chini, huwezi kuyazuia, na yaliyomo yatapanda mpaka yalingane na maji ya nje. Ukuta wa juu ukiwa mzima, yatapanda sentimita 60 na kusimama humo humo, nusu mita chini ya slabu. Mafuriko yakishuka, nayo yatashuka pole pole. Ukuta ukiwa na ufa, kijiji kizima kitapata mgawo wake.

Mtu atasema: basi tuzibe na chini, tuweke tangi zima. Niliona likifanyika. Mradi mmoja ulileta matangi ya plastiki, yakafukiwa vizuri, yakafunikwa. Masika ilipoingia tangi moja lililokuwa bado tupu likainuka kutoka ardhini usiku, likapindua na kibanda chake, asubuhi tukalikuta limekaa juu kama ngalawa. Chombo kitupu kilichozibwa kinaelea. Ukiwa na uwezo wa tangi, lifunge kwenye zege zito na usiliache tupu masika ikikaribia.

Tuta

Ukuta peke yake wenye mita 1.1 hausimami mbele ya mkondo na magogo yanayopita. Unaviringishiwa tuta. Juu acha ukingo wa kutembea wa sentimita 50 kuuzunguka ukuta, kisha uteremko: kwa kila mita 1 ya kimo toka nje mita 1.5. Choo cha bibi tuta lake lilifika upana wa karibu mita 5.7 chini, na likameza karibu mita za ujazo 13 za udongo. Ni zaidi ya toroli 200. Hapo ndipo ndugu wanapojulikana.

Udongo unashindiliwa kila tabaka la sentimita 15, ukinyunyiza maji kidogo. Nimeona watu wanamwaga wote siku moja kwa lori na kupanda nyasi juu. Mvua ya kwanza inaufanya kama uji. Udongo wa kichuguu ukichanganywa na kichanga hukaa vizuri. Usiuchimbe pembeni ya choo, utaacha bwawa la mbu mlangoni kwako na utalia malaria mwaka mzima. Juu panda ukoka, mwagilia mpaka ushike. Mbuzi wasiguse kwa miezi mitatu.

Asiye na nguvu kazi hiyo huwa namjengea ukuta mnene wa tofali zima, sentimita 23, na tuta la nusu kimo. Sijui kukataa, lakini nalala usingizi mzuri zaidi kwenye lile tuta kamili.

Slabu

Kipenyo mita 1.5, unene sentimita 7, zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kavu kiasi kwamba ukilibana mkononi halichuruziki. Nondo zinapishana kila sentimita 15. Tundu lisipite upana wa sentimita 17, urefu 30 na kitu. Mtoto anayeogopa kutumbukia hataingia, atakwenda nyuma ya migomba, na kazi yako yote imepotea.

Slabu hiyo ina uzito wa karibu kilo 300. Nilipofanya ya kwanza niliimwaga chini, kwa mazoea, nikakumbuka baadaye kwamba lazima ipande mita 1.1. Tulikuwa wanaume tisa na tulitamka maneno ambayo bibi alijifanya hakuyasikia. Sasa nagawa vipande viwili, tundu likiwa kwenye kipande kimoja, na kila kipande nakipa mikono miwili ya nondo ya kushikia. Ukingo wa maungio uongezee nondo moja kila upande. Maungio unayaziba kwa udongo wa mfinyanzi wenye saruji kidogo, ili siku ya kuhama iweze kubanduliwa. Funika kwa magunia, mwagilia siku saba. Anayekuambia siku mbili zinatosha ana kazi nyingine inamsubiri.

Kibanda kiwe chepesi. Nguzo za boriti zinasimama kwenye tuta, zisiegemee ukuta wa shimo. Fito, makuti, mlango wa mkeka wa ukindu kama huna mbao. Tafadhali usipange matofali ya saruji juu ya tuta jipya. Bomba la hewa lipite sentimita 50 juu ya paa na juu yake wavu: ndani pakiwa giza, nzi hufuata mwanga wa bombani na kufia huko.

Mlango usielekee kibla wala mgongo wa anayechutama usikielekee. Hili mafundi kutoka mbali husahau, na nimeona choo kizuri cha ufadhili kikigeuzwa stoo ya mahindi kwa sababu hiyo tu. Vivyo hivyo vile vyoo vikavu vya kutenganisha mkojo na kinyesi: ni vizuri, havihitaji kuchimba kabisa, na kwa bonde vingefaa sana, lakini vinakufa kwa maji ya kuchambia. Ukitaka kimoja, jenga pembeni mahali pa kuchambia penye mfereji wake unaokwenda kwenye shimo dogo la kokoto. La sivyo usianze.

Magoti ya bibi

Nilipokuwa nachora mistari bibi alitoka na mkongojo wake akatazama kigingi cha mita 1.1.

"Mwanangu, hapo mimi nitapandaje?"

"Nitakuwekea ngazi, bibi."

"Ngazi ya mnazi au ya mtu?"

Alikuwa na haki. Ngazi nyingi za vyoo vya kuinuliwa zina hatua za sentimita 25 na zaidi, kwa sababu fundi ana haraka na magoti yake bado yapo. Mita 1.1 igawe hatua 7, kila moja itakuwa chini kidogo ya sentimita 16, na kina cha kukanyagia sentimita 30. Inachukua mita 2 na ushei za nafasi. Weka mkono wa boriti upande wa kulia mpaka ndani ya mlango, na mwingine mfupi ndani, karibu na tundu, wa kujiinulia. Mjamzito na mgonjwa wataushukuru huo wa pili kuliko choo chenyewe. Hatua zipige mistari kwa mwiko kabla hazijakauka, zisiteleze kwenye mvua.

Mwaka wa kiu

Nimesema kuna miaka maji yanakimbia. Mwaka 2022 hata Dar es Salaam mto Ruvu ulipungua mpaka watu wakapata maji kwa mgao, sembuse sisi. Ndiyo maana siwashauri watu wa kijijini choo cha kumwaga maji kama maji hayapo uani. Kila mwendo unataka lita 2 au 3. Nyumba ya watu 6 itakula lita 70 kwa siku, yaani madumu matatu na nusu ya lita 20 kichwani mwa mtu, na huyo mtu tunamjua ni nani. Shimo la moja kwa moja lenye kifuniko chenye mpini mrefu halidai kitu. Nyunyiza majivu ya jikoni kila siku, harufu hupungua.

Mikono je? Hapo ndipo kibuyu chirizi kinaposhinda bomba. Dumu la lita 5, toboa tundu kwa msumari wa moto ubavuni, sentimita kama 12 chini ya mdomo. Litundike kwa mpini wake kwenye mti wa mlalo, funga kamba kwenye shingo, kamba ishuke mpaka kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga linainama, maji yanachirizika, ukiachia linarudi. Hakuna anayegusa dumu kwa mkono mchafu. Sabuni ining'inie ndani ya kopo lililotobolewa chini, kuku wetu wana tabia ya kuidonoa. Chini mwaga kokoto. Lita hizo 5 familia inaweza kwenda nazo karibu siku nzima.

Maji yakifika, na yakishaondoka

Mto ukianza kupanda, ondoa kibuyu, funika tundu kwa kifuniko na jiwe, funga mlango kwa kamba. Kama maji hayajafika kwenye hatua ya nne, choo kinaendelea kutumika. Yakipita hapo ondokeni nyumbani. Huo si wakati wa kufikiria choo.

Mkirudi, usikimbilie kutoa maji shimoni kwa ndoo. Udongo wa nje umelowa na mzito, ukilipunguza shimo haraka utausukuma ukuta ndani. Subiri wiki mbili, litashuka lenyewe. Kagua plasta, ziba nyufa, rudishia udongo uliomong'onyoka kwenye tuta. Tope lililoingia nyumbani litolewe na mtu aliyevaa buti, na palipotapakaa kinyesi mwaga chokaa. Kisima kilichofunikwa na mafuriko ni cha kuvutwa maji yote, kusafishwa na kutiwa klorini. Mwite afisa afya wa kata, ndiyo kazi yake. Mpaka hapo maji ya kunywa yachemke, yatokote dakika moja nzima, moshi wa birika peke yake hautoshi. Akitokea mtu anaharisha maji kama ya mchele, pakiti moja ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji safi, anywe njiani huku mnampeleka zahanati. Msisubiri kuche.

Shimo likishafika nusu mita chini ya slabu, na kwetu lori la kunyonya halifiki, jenga duara la pili kwenye tuta lile lile, kwa hiyo tangu mwanzo acha nafasi upande mmoja wa kulipanulia. Hamisha slabu vipande viwili, hamisha kibanda. Lile la kwanza jaza udongo juu na uliache miaka miwili kabla hujalifungua. Bibi alipanda mpapai juu ya tuta lake bila kuniuliza. Nilitaka kuukata, mizizi isije ikapasua plasta. Akaniambia nikate kwanza mwembe wangu.

Aprili 2024 maji yalisimama kwenye hatua ya tatu ya ngazi yake. Nilifika kwa mtumbwi siku ya pili. Choo kilikuwa kikavu, juu ya tuta walikuwa wamejipanga kuku wa mtaa mzima, na kwenye hatua ya juu kabisa, penye upepo, bibi alikuwa ameketi anasuka ukili.

"Fundi," alisema, "hapa ungenijengea na baraza."